Kapu la Malimbuko



 Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 26, aya ya 1 hadi ya 11. Na asiyekuwa nayo, kwa kuwa labda yu jikoni au yu njiani, na asikilize tu, maana habari yenyewe ni nyepesi kushikika. Jambo tutakalolitazama leo ni hili: mazoea ya kumshukuru Mungu hupatikanaje? Iko shukrani inayotoka yenyewe siku ya furaha, siku mtoto amefaulu mtihani au mgonjwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Hiyo hata asiyemjua Mungu huwa nayo. Sisi twataka kusema habari ya shukrani iliyo tabia, ile inayokaa ndani ya mtu siku ya shibe na siku ya njaa, naye akaizeeka nayo.

Mgeni akimpa mtoto wetu ndizi, mtoto huichukua na kukimbia nayo. Mama humwita, "Wee, njoo hapa. Umesemaje?" Naye mtoto hurudi, akasema "asante" kwa sauti ndogo, huku macho yake yote yako kwenye ndizi. Je, mama amemfundisha unafiki, kwa kuwa mtoto alisema neno ambalo moyo wake haukulisikia? La hasha. Amempa chombo, na moyo utakuja kukijaza baadaye. Mtoto yule akifika miaka ishirini, atasema asante bila kuitwa, na atamaanisha.

Tena neno lenyewe tulitazame. "Asante" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kumwambia mtu, "Umefanya vyema." Angalieni, wapendwa, neno hili halisemi lolote juu ya ndizi. Linamtazama yule aliyetoa. Hapa ndipo shukrani inapoachana na furaha ya kupata. Mwenye furaha ya kupata hukitazama alichopata, na kikiisha furaha nayo imekwisha. Mwenye shukrani hugeuza uso akamtazama mpaji, na mpaji wetu haishi.

KAPU NA MANENO YAKE

Basi sasa tuje katika mlango wetu. Musa anawaambia Waisraeli watakalofanya watakapoingia katika nchi na kuvuna. Kila mkulima ataitwaa sehemu ya mavuno ya kwanza, ataitia katika kapu, atakwenda nayo mahali Mungu atakapopachagua, na kuhani atalipokea kapu na kuliweka mbele ya madhabahu. Lakini haimpasi mkulima kuliweka kapu na kwenda zake kimya. Amepewa maneno ya kusema. Atasema kwamba babu yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Kwamba alishuka Misri na watu wachache, wakaongezeka huko. Kwamba Wamisri waliwatesa na kuwatwika kazi ngumu. Kwamba walilia, na Bwana akasikia, akawatoa kwa mkono wa nguvu, akawapa nchi hii. Na kwa ajili hiyo leo ameleta malimbuko ya ardhi. Kisha atasujudu, atafurahi, na pamoja naye watafurahi Mlawi na mgeni aliye kati yao.

Katika desturi hii kuna mambo matatu yatupasayo kuyashika. Jambo la kwanza, kapu ni la mavuno ya mwanzo. Wayahudi wana kitabu cha mapokeo kiitwacho Mishna, kilichokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, nacho chaeleza jinsi walivyofanya. Mtu alishuka shambani mwake, na alipoona tini ya kwanza imeanza kuiva, au kichala cha kwanza cha zabibu, alikifunga kwa unyasi akatamka kwamba hayo ni malimbuko. Mavuno yalikuwa bado. Jua kali, nzige au mvua ya mawe ingeweza kuja kesho yake. Lakini alama ya shukrani ilikwisha fungwa mtini.

Jambo la pili, mkulima anataja habari kwa majina yake. Hasemi tu, "Mungu, asante kwa yote." Anasema Misri, anasema mateso, anasema kilio, anasema nchi. Tena hafichi uchungu wa nyuma ili shukrani yake ipendeze. Utumwa umo katika shukrani ile, umetajwa kwa sauti mbele ya kuhani.

Jambo la tatu, kapu humalizikia mezani, na mezani pana mgeni. Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sheria ya Musa imelingana na neno hilo, kwa maana mwenye mavuno hawezi kuifurahia baraka peke yake nyuma ya mlango uliofungwa.

Mishna yaeleza pia habari moja inayotugusa sana sisi wa makanisa ya leo. Hapo zamani, aliyejua kuyasema maneno yale kwa Kiebrania aliyasema mwenyewe, na asiyejua alisomewa akafuatisha. Ikawa wale wasiojua waliona haya mbele ya watu, wakaacha kuleta makapu yao. Basi wakuu wakaamuru kwamba kila mtu asomewe na kufuatisha, anayejua na asiyejua sawasawa, ili asiwepo wa kuaibika. Tutairudia habari hii tukifika kwenye Sikukuu yetu ya Mavuno.

SAUTI YA KUOMBA NA SAUTI YA KUSHUKURU

Kwa nini jambo hili lilihitaji sheria? Kwa kuwa mwanadamu husahau, na husahau zaidi akiwa ameshiba. Katika mlango wa 8 wa kitabu hicho hicho, Musa anawaonya kwamba wakila na kushiba, wakijenga nyumba nzuri, ng'ombe wao wakiongezeka, wataanza kusema mioyoni kwamba nguvu zao wenyewe ndizo zilizowapatia utajiri huo. Jangwani hawakuweza kulisema neno hilo, kwa maana mana ilihesabiwa siku kwa siku.

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1984, mvua ya masika ilipokosekana katika sehemu nyingi za Kenya, mifugo ikafa, na mahindi ya manjano yakaletwa kutoka ng'ambo ili watu wapate kula. Mwaka kama huo hakuna haja ya kuwahimiza watu waombe. Ukame ni mhubiri hodari. Kazi ya mchungaji huanza baada ya mvua kunyesha, wakati kila mtu yuko shambani na kanisa liko tupu.

Hata Kitabu cha Sala cha Kanisa letu la Kianglikana kilipitia njia hiyo. Kile cha kwanza, kilichotolewa Uingereza mwaka 1549, kilikuwa na sala ya kuomba mvua na sala ya kuomba jua. Sala za kushukuru kwa mvua iliyonyesha, kwa jua lililowaka na kwa mavuno yaliyopatikana ziliingizwa mwaka 1604. Hesabuni wenyewe: ni miaka 55. Ndipo mwaka 1662 ikaongezwa ile Sala ya Shukrani kwa Watu Wote, ambayo husemwa kuwa ilitungwa na Askofu Edward Reynolds wa Norwich. Sala hiyo huanza na kuumbwa kwetu na kulindwa kwetu, ikapanda mpaka ukombozi wetu katika Kristo, kisha ikaomba kwamba shukrani yetu isikae midomoni tu bali ionekane katika maisha. Basi ikiwa Kanisa zima lenye maaskofu na wanachuoni lilichukua miaka 55 kuiandika shukrani ya mvua, tusishangae kwamba mioyo yetu nayo yahitaji kufundishwa polepole.

Katika Injili ya Luka, mlango wa 17, wakoma kumi walipaza sauti wakamwomba Yesu awarehemu. Wote kumi waliomba, wote kumi walitii, wote kumi walitakasika wakiwa njiani. Mmoja akarudi, akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, naye alikuwa Msamaria. Wale tisa huenda hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka ya kwenda kwa makuhani, na kutoka huko kwa wake zao na watoto wao ambao hawakuwa wamewagusa kwa muda mrefu. Kipawa chenyewe kiliwashughulisha hata wakamsahau mpaji. Lakini yule mmoja alikuwa na sauti mbili zilizolingana: alivyopaza sauti kuomba, ndivyo alivyopaza sauti kushukuru. Hiki ndicho kipimo tunachoweza kujipimia. Tukiomba kwa saa nzima na kushukuru kwa dakika moja, tunajua tumesimama upande gani wa ile barabara.

JE, NA ALIYEFIWA ASHUKURU?

Hapa tunamsikia msikilizaji mmoja akisema, "Mchungaji, maneno hayo ni ya wenye mavuno. Mimi nimemzika mtoto wangu mwezi uliopita. Watu walikuja matangani wakaniambia nimshukuru Mungu. Nishukuru kwa lipi?"

Dada yetu, ndugu yetu, swali lako ni la haki, na wengine waliokuambia hivyo walifanya haraka. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike, katika waraka wake wa kwanza, 5:18, kwamba washukuru katika kila jambo. Liangalie neno hilo "katika." Mtu aliye katika shimo aweza kumshukuru Mungu kwamba hajaachwa peke yake shimoni, pasipo kusema kwamba shimo ni zuri. Ni kweli kwamba kwa Waefeso, 5:20, Mtume huyo huyo asema tumshukuru Baba kwa mambo yote katika jina la Kristo. Lakini ndiye pia aliyewaambia Warumi, 12:15, walie pamoja na waliao. Wala Maandiko hayaiti mauti rafiki. Huiita adui, na adui wa mwisho atakayebatilishwa. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na papo hapo, kabla maiti hajatoka, alimshukuru Baba kwamba amemsikia. Machozi na shukrani vilikaa katika uso mmoja.

Nchi yetu ina habari yake ya namna hii. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha CMS, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Tarehe 8 Juni mwaka ule alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, mwenyeji wa Barawa. Krapf aliihesabu siku ile kuwa mojawapo ya siku kuu za maisha yake. Majuma matano baadaye, tarehe 13 Julai, Rosine alikufa kwa homa akiwa ametoka kujifungua binti, na haukupita muda mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Akawazika bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, kisha akawaandikia wakuu wake Uingereza kwamba kaburi lile ni ishara ya kuwa kazi ya Injili katika pwani hii imekwisha anza. Mwaka 1846 alikuja mwenziwe Johannes Rebmann, nao wakaenda kukaa Rabai.

Hatusemi kwamba kifo cha Rosine kilikuwa kizuri, wala Krapf hakukifanya kuwa kitu chepesi. Lakini aliendelea na tafsiri. Biblia ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumejifunzia kusoma Neno, ilikuja baada ya kazi ya watu wengi waliotangulia, na yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Basi tunapomshukuru Mungu kwa Biblia ya Kiswahili, tuseme kama mkulima yule mwenye kapu: tulitaje kaburi la Nyali, tumtaje pia yule kadhi wa Kiislamu aliyemsaidia mgeni, kama Yesu alivyomtaja Msamaria. Shukrani inayosahau gharama haijajua imepokea nini.

Kwa hiyo, wewe uliyefiwa, hutakiwi leo kuleta kapu lililojaa. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na inaanza kwa kumlalamikia Mungu kwamba amesahau. Anza hapo. Mwambie. Siku moja, nasi hatujui ni lini, utaona tini moja ndogo imeiva: jirani aliyekuletea uji, usiku mmoja uliopata usingizi. Ifunge unyasi hiyo. Nasi wengine tulio karibu nawe, kazi yetu ni kulia pamoja nawe, na kukuachia Mungu akufundishe wimbo kwa wakati wake.

TUANZE WAPI?

Sasa tuseme habari ya mikono na miguu, maana tabia haijengwi kwa kutamani tu.

Kwanza, tuifungamanishe shukrani na jambo ambalo tunalifanya kila siku hata bila kukumbushwa. Anayewasha jiko asubuhi, na ataje jambo moja la jana kabla chai haijachemka. Anayengojea matatu, na ataje moja akiwa pale kituoni. Moja latosha, ila liwe na jina lake. "Asante, Bwana, kikohozi cha mtoto kimetulia." "Asante kwa maji yaliyorudi bombani." "Asante kwa muuguzi wa zahanati aliyesema nami kwa upole." Mtu akifanya hivyo kwa mwezi mmoja, atagundua kwamba mchana huenda akitafuta la kutaja kesho, na macho yake yameanza kuona alichokuwa akikipita.

Pili, tutafute daftari la shule, lile la bei ndogo, tupige mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto tuandike tunaloomba, pamoja na tarehe. Upande wa kulia tuache nafasi. Mungu akijibu, tuandike tarehe na neno la shukrani. Mengine yatakaa bila jibu, nasi tuyaache hapo mbele zake. Mengine yatajibiwa kwa namna ambayo hatukuomba, nayo tuyaandike. Wasiojua kuandika, na wamwombe mjukuu awaandikie. Hapo mjukuu naye atakuwa amefundishwa, kama Waisraeli walivyofundisha watoto wao kwa kuwasimulia habari za Misri.

Tatu, tuwashukuru wanadamu. Mtu hawezi kumshukuru Mungu kwa chakula na kukaa miaka mingi bila kumwambia asante mkewe aliyekipika. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Tujiulize nyumbani mwetu kama yupo anayepigwa mateke hayo: mama mzee anayetulelea watoto, msichana wa kazi, mlinzi wa lango.

Nne, Sikukuu ya Mavuno. Tunaipenda siku hii: mahindi, ndizi, kuku, mayai, na mnada baada ya ibada. Lakini kamati za kanisa na zilitazame jambo moja. Mahali pengine majina husomwa kwa sauti pamoja na kiasi alichotoa kila mtu, kutoka kikubwa kushuka. Mjane aliyeleta mayai matatu husikia la kwake mwishoni, na mwaka ujao haji. Wakuu wale wa Wayahudi waliliona jambo hilo wakalirekebisha, ili mwenye kujua na asiyejua wasimame sawa. Hatuwezi kushindwa nasi. Makapu na yawekwe pamoja mbele ya meza ya Bwana, waumini waseme shukrani kwa kinywa kimoja, na sehemu ya mavuno yale ipelekwe jioni ile ile kwa walio wagonjwa na kwa wageni waliohamia kijijini petu. Na sisi tulio wa mshahara, ambao shamba letu ni ofisi au duka, tutoe kilicho cha mwanzo, siku mshahara unapofika, kabla deni na tamaa havijachagua sehemu zao.

Katika hayo yote tukumbuke kwamba sisi tulio wa Kristo tuna maneno zaidi ya yale ya mkulima wa Israeli. Yeye alisema, "Tulilia, Bwana akasikia." Sisi twasema hivyo hivyo, kisha twamtaja Yesu, ambaye usiku ule wa kutolewa kwake alitwaa mkate mkononi, akijua linalomngoja kesho yake, akashukuru. Kila tukikaribia Meza yake twaishiriki shukrani ile. Ndiye aliyefufuka, malimbuko ya waliolala, kama Paulo aonyeshavyo kwa Wakorintho. Naye ni malimbuko ambayo Mungu amekwisha kuyafunga alama, wakati mavuno ya ufufuo wetu ni bado.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, mpaji wa mvua na wa mbegu, tunakuja na makapu yetu, mengine yamejaa na mengine yana tini moja. Yapokee. Utusamehe kwa sauti kuu tuliyokuombea na sauti ndogo tuliyokushukuria. Uwe karibu na wanaolia usiku huu, wala usiruhusu mtu awaharakishe. Utufungue macho tuwaone wale ambao kwa mikono yao umetulisha. Na kesho asubuhi, kabla hatujaanza kazi, utukumbushe jambo moja la kutaja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.